Nafasi Moja ya Kusomea Mashine

Nilifika Shinyanga siku ya tano tangu nitoke nyumbani, nikiwa na sanduku la mbao, blanketi moja na jino lililoanza kuniuma Iringa. Kwetu ni Songea, milimani. Basi lilitupitisha Njombe kwenye ukungu, likakatika springi kabla ya Iringa, tukakaa porini tukichoma mahindi tuliyouziwa na wanakijiji hadi fundi alipokuja na baiskeli. Dodoma nilionyesha waranti ya serikali ya kusafiri bila nauli nikapanda treni ya daraja la tatu hadi Tabora, na Tabora nikangoja treni nyingine ya kuelekea Mwanza. Asubuhi ya siku ya tano nilichungulia dirishani nikaona nchi isiyo na mlima hata mmoja. Ardhi ilikuwa imelala tu, nyeusi, yenye mabua ya pamba na ng'ombe wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwa pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na nilidhani dereva wa treni amepotea njia.

Tangu hapo nimekaa kwingi. Nimekaa Mpanda, nimekaa Tunduma, nimekaa Kilwa miaka miwili bila kujua kwa nini. Sasa nimevuka arobaini na mguu wangu bado hautulii. Lakini kila ninapohamia mahali papya, harufu ya kwanza ninayoitafuta bila kutaka ni ile ya udongo mweusi wa kule unapopigwa na mvua ya kwanza, na mara zote siipati.

Shule yetu ilikuwa na karakana. Ilikuwa na mabati yaliyowaka kama jiko kuanzia saa nne, meza ndefu zenye jiliwa za kubania chuma, na chumba cha pembeni cha kuchorea. Mwalimu wa michoro alikuwa mtu wa Tanga aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za reli. Alitufundisha kuchora mashine kama vile treni ingepinduka kesho kwa makosa yetu. Karatasi ikishabandikwa ubaoni, kitu cha kwanza kilikuwa mstari wa katikati: mwembamba, wa vipande virefu na vifupi, ukigawa karatasi pasu kwa pasu. Kila kitu kilipimwa kutoka hapo. "Usiponipa mstari wa katikati," alikuwa akisema, "umenichorea uji."

Kitu cha mwisho kilikuwa kisanduku cha chini kulia. Ndani yake kulikuwa na nafasi tatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Hakuna mchoro uliopokelewa bila sahihi ya mwenzako kwenye nafasi ya pili. Mwalimu alisema huko reli mtu alifukuzwa kazi kwa sahihi ya kukagua, si ya kuchora. Sisi tulikuwa tukitiliana sahihi kama watu wanaopeana chumvi.

Mimi nilipenda kuchora kuliko kula. Aliyekaa karibu nami, na aliyenikagua kwa miaka mitatu, alikuwa Msukuma wa upande wa Kahama, kijiji kilicho njiani kwenda Bugarama. Mikono yake ilikuwa mizito kwenye penseli. Alitoboa karatasi kwa bikari, alifuta hadi karatasi ikaota manyoya. Lakini ukimpa chuma na nyundo, kilikaa pale ulipotaka kikae. Kwa kuwa waranti ya kwenda kwetu ilikuwa mara moja kwa mwaka, likizo fupi zote nilikwenda kwao.

Kwao walinipokea kwa utani kabla ya maji. Baba yake aliniuliza kama ni kweli kwamba kwetu watu hulima kwa mkono milima mizima. Nilipokubali, akawageukia jirani zake akawaambia kwa Kisukuma, na wote wakaniangalia kwa huruma kama mgonjwa. Mama yake, ambaye nilimwita mayu kama wanavyomwita wanawe, aliniwekea michembe ya kuchemsha na karanga akasema nile nipate nguvu, maana jembe la mkono halijaniacha na kitu. Nilikula. Hadi leo sijui viazi vikavu vilivyochemshwa vinawezaje kuwa vitamu vile.

Mwaka tulipokuwa kidato cha tatu ilikuja barua shuleni. Shirika moja la zana za kilimo lilikuwa linatafuta wanafunzi wa sekondari wa kuwasomesha usanifu wa mashine na uhandisi: kwanza chuo cha ufundi Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Shule yetu ilipewa nafasi moja. Anayeitaka abuni zana itakayomfaa mkulima, aichore, aiunde, na zana hiyo ijaribiwe kwenye shamba la mkulima wa kweli, si kwenye uwanja wa shule. Waliruhusu wawili wafanye kazi pamoja, ila atakayesomeshwa ni mmoja.

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliandika nyumbani kabla hata sijashika penseli. Baba yangu, nilivyosikia baadaye, aliipeleka barua yangu kanisani ikasomwa baada ya matangazo, na kuanzia Jumapili ile kijiji chetu kikawa na mhandisi.

Likizo ya Juni tulikaa kwao na daftari. Wazo lilikuwa la rafiki yangu. Alisema kinachomvunja mgongo mama yake si kulima, maana maksai wanalima. Ni kupanda, kuinama mstari baada ya mstari na kudondosha mbegu za pamba. Tukabuni mashine ya kupandia inayovutwa na maksai wawili: jembe dogo mbele la kufungua mfereji, debe la mbegu juu, gurudumu la baiskeli linalozungusha gogo lenye matundu, na mnyororo unaoburuzwa nyuma kufukia. Mara ya kwanza mbegu zote zilinasa. Mbegu ya pamba ina manyoya, zikikaa pamoja zinashikana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Tulihangaika nazo siku tatu. Mayu alitutazama muda wote huo akipepeta mtama wake, kisha akachukua ungo wa mbegu, akazimwagia majivu na tope jepesi, akazisugua kwa viganja na kuzianika. Zilipokauka zilikuwa kama kokoto, zikapita kwenye matundu moja moja.

"Siku tatu," alisema. "Na mnasoma."

Kisha nikaanza kupima. Nilipima kila kitu, hadi nira ya baba yake, kwa sababu mchoro ulitakiwa uonyeshe zana nzima na vyote vinavyoambatana nayo. Ilikuwa nira ya zamani, ya mti mgumu, imelainishwa na shingo za ng'ombe hadi ikang'aa. Pete ya chuma ya kufungia mnyororo haikuwa katikati. Ilikuwa imesogea upande wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Nilipima mara mbili, nikacheka. Nikamwambia rafiki yangu kwamba seremala wao alikuwa amelewa.

"Hakulewa," akasema. "Kushoto anakaa yule mkubwa."

Sikumwelewa, na sikuuliza. Nilichora nira mpya, nzuri, pete ikikaa juu ya mstari wa katikati kabisa. Shuleni, Septemba, tulipokuwa tunamalizia kwa wino, aliniambia tena kwamba baba yake asingefunga ng'ombe wale kwenye nira ile. Nilikuwa nimechoka, na karatasi ilikuwa safi, bila doa. Nikamwambia asubiri kwanza ajue kushika penseli ndipo aje amfundishe mwalimu wetu mstari wa katikati. Wenzetu waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alichukua kalamu, akaandika jina lake kwenye nafasi ya aliyekagua, polepole, ili wino usisambae.

Mwalimu aliushika mchoro ule juu dirishani, akautazama muda mrefu, akatia sahihi ya tatu. Aliwaambia madarasa mengine waje wauone.

Watu wa shirika walikuja Desemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, shule imefungwa. Sisi na mwalimu tulikuwa tumetangulia kwao rafiki yangu na mashine kwa lori la Mhindi mmoja aliyekuwa na duka Kahama, ambaye alitukubalia tuketi juu ya magunia ya chumvi kwa masharti kwamba tusiyalowanishe. Wao walikuwa watatu kwenye Landrover yenye tope hadi kwenye vioo. Mkubwa wao alikuwa mhandisi, mtu mfupi mwenye miwani, ambaye alishuka akamwendea baba wa rafiki yangu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, akainama na kumpa shikamoo. Nikampenda papo hapo. Nikaanza kujiona nikivaa miwani kama yake.

Majirani walikuwa wamejaa kando ya shamba. Maksai walifungwa kwenye nira yangu, mkubwa mwekundu kushoto, mdogo mwenye madoa kulia, aliyekuwa na msimu mmoja tu wa kazi. Rafiki yangu alishika kamba mbele. Baba yake alishika mikono ya mashine nyuma. Mayu alimimina mbegu zake.

Hatua ishirini za kwanza zilikwenda vizuri na watu wakapiga makofi. Kisha yule mkubwa akaanza kumtangulia mdogo. Nira ikakaa upande. Mdogo akawa anabaki nyuma, shingo imepinda, akivutwa kama mtoto anayepelekwa sindano, na mashine ikaanza kuhama kulia. Rafiki yangu alivuta kamba, baba yake aliegemea mkono mmoja hadi mishipa ikamtoka. Mstari ulikwenda ukipinda, na mbegu zile zenye majivu, mnyororo ukishindwa kuzifukia, zikaonekana wazi juu ya udongo mweusi, nyeupe, kila mtu akiona zinakokwenda. Walirudi. Mstari wa pili ukaukata wa kwanza.

"Mnapanda pamba au mnasuka ukili wa mkeka?" akauliza jirani mmoja, na watu wakacheka sana.

Walijaribu mara tatu. Baba wa rafiki yangu hakusema lolote. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinistahi: mimi nilikuwa mgeni wake, nira ilikuwa kazi yangu, na kwao hawamvui mgeni nguo mbele ya wageni wengine. Lakini mara ya nne yule mdogo alipiga magoti kwenye tope, na hapo mzee aliachia mikono ya mashine, akaenda nyumbani bila kuharakisha, akarudi na nira yake ya zamani begani.

"Jaribuni na hii," akasema. "Huyu mdogo hawezi kubeba sawa na kaka yake. Mkubwa anaongezewa kidogo, ndiyo wanakwenda pamoja."

Akafunga. Wakaenda hadi mwisho wa shamba na kurudi, mistari miwili imenyooka kama imepigwa kamba.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mhandisi alichuchumaa kwenye tope na suruali yake safi, akatoa futi ya mkanda, akapima kutoka kila ncha ya nira hadi kwenye pete. Akatabasamu peke yake. Kisha akaomba mchoro. Mwalimu wetu alimkunjulia juu ya boneti ya Landrover, na yule mtu akaweka kidole moja kwa moja kwenye kisanduku cha chini kulia.

"Nani alikagua?"

Rafiki yangu alinyoosha mkono, bado ameshika kamba ya ng'ombe.

"Hapa ni kwenu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulijua kwamba pete haikai katikati?"

"Nilijua."

"Na ukatia sahihi."

"Nilitia."

Yule mhandisi alivua miwani. Alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba mchoraji asiyejua anafundishwa, lakini mkaguzi anayejua na akatia sahihi hawezi kupewa mashine inayobeba watu. Akafungua daftari lake.

Nilimwona mayu. Hakuwa akifuata Kiswahili chao chote, lakini alikuwa akimtazama mwanawe usoni, na alijua kwamba nafasi inamponyoka. Nami nilijua vilevile kwamba nikinyamaza, nafasi ni yangu.

Nimewahi kuwasimulia watu jambo hili nikijifanya kwamba nilisema kwa ajili ya urafiki. Si kweli yote. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilifikiri kwamba mtu mkubwa mwenye miwani akiona kijana anakiri kosa lake hadharani, ataguswa, ataniandikia alama za juu zaidi. Nilisema nikitegemea kulipwa.

"Alinikataza," nikasema. "Mara mbili. Nilimtukana mbele ya watu, ndipo akatia sahihi."

"Ulimtukana vipi?"

Nikarudia maneno yale ya penseli na mstari wa katikati. Mwalimu wetu aliangalia chini. Mhandisi akaandika muda mrefu, akamshukuru baba wa rafiki yangu, wakala ugali wa mtama na kuku, wakaondoka. Safarini kurudi, juu ya lori jingine, rafiki yangu aliniambia jambo moja tu.

"Bwana wee, ungenyamaza."

Nikamjibu kwamba tungoje majibu, tutaona. Nilikuwa nimejaa matumaini.

Majibu yalikuja mwezi wa pili, tukiwa kidato cha nne. Mwalimu alituita karakana wote wawili akaisoma barua amesimama. Walimchagua yeye. Walisema mkono wa kuchora hufundishwa kwa mwaka mmoja, na kwamba wao walimtaka aliyejua ng'ombe anavutaje; kuhusu sahihi, walimtaka ajifunze kukataa, na mwalimu asimamie hilo. Mwalimu alikunja barua, akaniambia kwamba sahihi ya tatu pale ilikuwa yake. Halafu akaenda kupanga patasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Sikulia. Nilimpa rafiki yangu mkono, na mwaka ule wote nilimfundisha kushika penseli. Kila jioni baada ya kumwagilia bustani tulikaa kwenye kile chumba cha joto, mimi nikimwambia alegeze kidole, yeye akitoboa karatasi. Ikiwa kuna wakati wa maisha yangu ningepewa niurudie, ningechagua ule, ambao nilikuwa nimekwisha kushindwa na nilikuwa bado sijaondoka.

Baada ya mtihani yeye alikwenda Dar es Salaam. Mimi sikuchaguliwa kuendelea. Nyumbani nisingeweza kurudi. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja mhandisi. Baba wa rafiki yangu ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba majirani wanazitaka zile mashine za kupandia, na fundi wa kuziunda yuko wapi kama si mimi. Nikaenda. Nilikaa kwao mwaka mzima na miezi kadhaa, katika chumba cha mwanawe. Niliunda mashine saba. Kila mwenye maksai alipokuja, nilikwenda kwanza kuwatazama ng'ombe wake wakitembea, yupi ana nguvu, yupi anasitasita, ndipo nikatoboa nira. Walinibandika jina la Fundi Katikati, na watoto waliniimbia njiani. Nilizoea. Wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Bugarama walipopita kununua chakula kwa mayu walidhani ndilo jina langu la kweli.

Barua za rafiki yangu zilifika Kahama zikaletwa na yeyote aliyekuwa akija. Baba yake alisoma Kiswahili kwa shida, mayu hakusoma kabisa, kwa hiyo nilizisoma mimi. Tulikaa uani baada ya chakula cha mchana, nami nasoma, na mzee akimtafsiria mkewe. Niliwasomea kuhusu bweni lenye feni, kuhusu mashine inayochonga chuma kama kiazi, kuhusu mwalimu aliyemsifu kwa michoro yake kwamba ni safi. Hapo mayu alinigusa goti akasema kitu, na mzee akacheka. "Anasema huo mkono ni wako umeazimwa."

Nilizisoma zote vizuri. Sikuruka neno. Nikimaliza nilikwenda karakana yangu ya nyasi nikapiga chuma kisichohitaji kupigwa.

Barua ya mwisho niliyoisoma ilisema anakuja likizo baada ya wiki mbili, kisha atapelekwa nje ya nchi kwa miaka minne. Ilisema ana mengi ya kunionyesha, na kwamba tukae kama zamani, sasa zamu yake kunifundisha. Alimaanisha hivyo hasa, kwa moyo mweupe. Mayu alipiga kigelegele, mzee akatoka kwenda kuwaambia jirani. Nami nilijua kwamba kusoma nimeweza, lakini kumsikiliza akinieleza kwa mdomo wake, ndani ya chumba kile, sitaweza.

Siku ya nne lori la chumvi lilipita likielekea Geita, na kutoka Geita nilijua kuna njia ya Mwanza na meli. Nilimwambia mzee nakwenda kutafuta kazi ziwani. Alinitazama sana, akaniuliza kama siwezi kungoja siku kumi. Nikasema lori halingoji. Akanipa mkono kwa mikono miwili.

Mayu alinishika kabla sijatoka uani. Alitaka barua iandikwe, mwanawe aipate kabla ya kuanza safari, asije akashtuka kukuta chumba kitupu. Dereva alikuwa akinywa maji kwa jirani. Nikakaa kwenye kigoda na karatasi juu ya goti. Alisema kwa Kiswahili chake, polepole, akinitazama kila neno ili ahakikishe naliandika.

"Mwanangu, sisi wazima. Mvua nzuri. Mwenzako ameondoka leo. Hakugombana na mtu. Alikula vizuri hapa. Mimi sikumfukuza, na wewe hukumfukuza." Akaigusa karatasi. "Umeandika?"

"Nimeandika, mayu."

"Andika kwamba hakusema atarudi lini."

Nikaandika. Nilikuwa na nafasi ya mistari mitatu chini ya karatasi, na kalamu mkononi, lakini langu sikuliandika. Dereva akapiga honi. Nikamsomea yote kutoka mwanzo, akaitikia kwa kichwa, akabandika dole gumba lake kwenye masizi ya jiko na kulikandamiza chini ya maneno yake. Nikaikunja, nikaandika anwani, nikampa dereva aipitishe posta Geita, nikapanda juu ya magunia.